Raba Nne

Gari-nyumba tulilinunua Barka, mwaka niliostaafu,
kwa Mjerumani aliyekuwa akirudi kwao na paka wawili.
La mwaka themanini na tisa. Mapazia ya kahawia, jiko la gesi,
na chini ya kitanda, upande wa mlango,
jenereta.

"Inanguruma kidogo," alisema.
Kidogo!
Usiku wa kwanza pale Bidiya, saa nne na mchanga bado wa moto,
tuliiwasha tupate kiyoyozi.
Vijiko vikacheza kabatini,
meno yangu ya bandia yakagongagonga bilauri,
na jirani, hatua hamsini kutoka kwetu, akang'oa hema
akahamia nyuma ya tuta bila kuaga.

Asila alisema neno. Nikatikisa kichwa: ndiyo.
Akalisema tena. Ndiyo, ndiyo.
Mara ya tatu nikaitikia kwa mikono miwili.
Akageukia ukuta.

Miaka thelathini na moja nilikaa na mashine za kusafisha maji ya bahari, Ghubra;
sikio langu la kushoto lilibaki huko, kama kiatu msikitini.
Lakini mkono unajua. Niliweka kiganja sakafuni:
kelele haikuja kwa hewa peke yake,
ilikuwa inapanda kwa chuma, kama mchwa.

Raba nne zilizobeba mashine zilikuwa ngumu kama kokwa za tende.
Boliti moja, ndefu kuliko haja, ilikuwa imegusa fremu,
na kwa kugusa kule tu
gari zima likawa ngoma.

Nikaenda Ibra, karakana za nyuma ya kituo cha petroli,
kwa Riyasat wa Peshawar, ambaye nati humlegea akiitazama.
Akanitolea raba za lori dogo, riali sita,
akaniambia kwa Kiarabu chake na changu, vyote vibovu:
"Usiweke sponji ya godoro. Itashika moto.
Utakufa kimya."

Nikaweka sufi ya mwamba, na mkeka mzito wa mpira,
nikaziba kila ufa ila mlango wa hewa.
Huo hauzibwi; mashine nayo ina pumzi, na joto la huku halina mzaha.
Niliupinda tu. Kona moja, kona ya pili.
Hewa hukata kona bila kuuliza;
kelele hujigonga paji la uso
ikasahau ilikuwa inakwenda wapi.
Bomba la moshi nikalipandisha hadi juu ya paa,
mbali na dirisha la Asila.
Siku tisa. Vidole gundi tupu.

Alhamisi tukarudi Bidiya, tuta lile lile.
Nikasema bismillahi, nikabonyeza.
Ikakohoa, kisha ikaanza kusema na nafsi yake
kama mtu anayehesabu deni chumba cha pili.
Kijiko kimoja tu kililia. Nikakifunga kwa kitambaa.

Nikakaa kungoja sifa.
Asila akamenya chungwa mpaka mwisho.
"Mnunuzi anakuja Jumamosi."
Mnunuzi wa nini?
"Wa gari. Nilikuuliza hapa hapa, mara tatu.
Ukakubali mara tatu. Nikasema, kumbe na yeye kachoka."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Hawakusema kwamba mshindo wenyewe huanzia tumboni.

Usiku ule hatukuzungumza sana.
Lakini nilisikia anavyopanga nguo, anavyokohoa,
anavyoanza sentensi akaiacha.
Nusu ya usiku akaniuliza, "Imezimika?"
Nikamwambia weka mkono ukutani.
Akauweka. Hakuutoa upesi.

Jumamosi mnunuzi alifika na kijana wake.
Akalizunguka gari, akapiga tairi teke,
akafungua jokofu, akalifunga.
"Na jenereta? Inafanya kazi?"

Ilikuwa inawaka tangu alfajiri.

Asila aliniangalia. Mimi nikaangalia spana.
"Ina siku zake," akasema.